Kizunguzungu miezi 14, kichwa hakiumi, naambiwa ni kipandauso. Inawezekanaje?

FundiSindano

Wakuu, nawasalimu nyote. Naomba mnisomee hadi mwisho, nimeandika na kufuta mara tatu kwa sababu kila nikisimulia jambo hili naona kama sieleweki.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 41. Miezi 14 iliyopita nilikuwa nimeinama mezani nakata kitambaa, mkasi mkononi, mara nikaona meza inaondoka. Haikuzunguka kama watu wanavyosimulia kizunguzungu. Iliteleza kuelekea kushoto kama mashua iliyofunguliwa kamba, na mimi nikawa nayo. Nikashika ukingo kwa mikono miwili. Mkasi ukaanguka sakafuni, nikaogopa kuinama kuuokota. Kilidumu muda gani siku ile sikupima, ila nakumbuka mwanga wa dirisha ulikuwa kwenye kona ya meza kilipoanza, na nilipoweza kusimama bila kushika kitu ulikuwa umeshafika miguuni mwa cherehani.

Tangu hapo kinarudi, mara nne, tano, hata sita kwa mwezi. Safari nyingine naamka nacho kitandani. Kichefuchefu kinapanda, natapika au sitapiki. Siku hizo mlio wa cherehani ya mwenzangu, ambao nimeusikia miaka yote, unanichoma kama mtu anagonga bati sikioni mwangu. Mwanga nauona mkali. Na kitambaa cha mistari ndicho adui yangu mkubwa: ile mistari ikianza kupita chini ya sindano, naona chumba kizima kinatembea nayo. Nimeanza kuwarudishia wateja kazi za mistari na siwaambii sababu.

Nimepimwa kila kitu. Presha iko sawa, damu iko sawa, sukari iko sawa. Daktari wa masikio alinipima usikivu, masikio yote mawili yanasikia vizuri. Alinilaza ghafla kitandani kichwa kikining'inia upande huu kisha ule, akayatazama macho yangu, hakuona kitu. Akaniingizia sikioni maji ya uvuguvugu, baadaye ya baridi. Kizunguzungu kilikuja kikali nikashika nguo ya nesi, lakini akasema ndivyo inavyotakiwa, pande zote zinajibu sawasawa. Picha ya MRI ya kichwa ni safi. Basi nikapewa sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, mara tatu kwa siku, nimeimeza miezi saba. Inanilaza. Nimeunguza suruali ya mteja kwa pasi kwa sababu ya kusinzia, na kizunguzungu kinarudi vilevile.

Wiki iliyopita daktari mwingine, wa mishipa ya fahamu, alinihoji karibu nusu saa bila kunigusa, kisha akasema hiki ni kipandauso cha aina inayoshika mizani ya mwili. Akaniandikia amitriptilini 10 mg usiku. Nikamwambia, daktari, kichwa changu hakiumi. Akasema si lazima kiume. Nje foleni ilikuwa ndefu, nikatoka na karatasi yangu nimeduwaa. Nyumbani nikasoma maelezo ya dawa: inatibu sonona. Moyo ukanienda mbio. Ameona nina sonona hataki kuniambia? Au wameshindwa kujua ninachoumwa, wananipa chochote ninyamaze? Dawa iko kwenye droo ya nyuzi, sijameza hata kimoja.

Aliyepitia hili naomba anieleze. Kipandauso bila maumivu ya kichwa kipo kweli? Na kwa nini hakuna kipimo hata kimoja kinachokionyesha?

---

DerevaWaUsiku

Pole sana dada. Mimi nilikuwa na kizunguzungu nikajua nakufa, kumbe ni vile vijiwe vya sikio vilivyotoka mahali pake. Kila nikigeukia kulia kitandani dunia inapinduka, nahesabu moja, mbili, hadi ishirini, kinatulia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanilaza, akanigeuza kichwa hatua kwa hatua, akanikalisha. Nikatoka pale mzima. Hakuna kidonge. Usikubali dawa ya kila siku kabla hawajarudia kile kipimo cha kukulaza, kwa sababu vijiwe vinaweza visionekane siku ambayo vimetulia.

---

MwalimuMstaafu

Mwanangu FundiSindano, nimesoma maneno yako nikaweka simu chini kwanza. Ile meza yako inayoteleza ninaijua. Kwangu ilikuwa ubao. Niligeuka kuandika tarehe, ubao ukaanza kushuka taratibu upande wa kulia kama pazia linalolegea, na chaki yangu ikaufuata. Mstari nilioandika siku ile ulishuka kama njia ya mlimani. Wanafunzi walinyamaza kimya. Nilikuwa na miaka 49.

Nilihangaika miaka mitatu kabla ya kupata jina la ugonjwa. Na sababu ya kuchelewa, nakwambia kwa uchungu, ni kwamba kila daktari aliniuliza "unaumwa kichwa?" na mimi kila mara nilijibu hapana. Nilijibu kweli. Kichwa hakikuwa kinauma. Mpaka alipotokea mmoja akauliza kwa namna nyingine: "Umewahi kuumwa kichwa maishani mwako mpaka ukajifungia gizani?" Hapo nikakumbuka. Nilipokuwa msichana nilikuwa na kichwa cha upande mmoja, kinapiga kama ngoma, natapika, nafungiwa dirisha. Kilinitesa hadi nilipofika miaka thelathini na kitu, kikaniacha. Nikakisahau, kama mtu anavyosahau ndui aliyougua utotoni. Daktari yule akaniambia ugonjwa haukuondoka, ulibadili mlango. Inatokea hivyo, na kwa wanawake hutokea sana hasa hedhi inapokaribia kukoma.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote nataka unijibu maswali haya, na ujibu kwa maisha yako yote, si kwa mwaka huu peke yake. Umewahi kuwa na kichwa cha kukulaza? Ukiwa mtoto, ulikuwa unatapika safarini? Mama yako, shangazi, dada zako, je? Na siku kizunguzungu kinapokuja, umesema sauti na mwanga vinakuchoma: ni kila mara, au mara chache?

Nakuuliza kwa sababu kipimo cha ugonjwa huu ni simulizi yako mwenyewe. Umesikitika kwamba daktari alikuhoji nusu saa bila kukugusa. Mimi naona huyo ndiye wa kwanza aliyekupima. Wale wengine walikuwa wanaondoa magonjwa mengine njiani, nayo ni kazi ya lazima, lakini ni kazi tofauti.

Nunua daftari. Usitumie kumbukumbu, kumbukumbu ya mgonjwa wa kizunguzungu inajaa hofu. Kila kinapokuja andika tarehe, saa kilipoanza, saa kilipoisha, ulikuwa unafanya nini, ulilala saa ngapi usiku uliotangulia, ulikula saa ngapi, mwanga ulikuudhi au la, sauti je, kichwa je, sikio lilijaa au kupiga mlio au la. Mistari miwili inatosha. Ukishindwa kuandika weka alama na saa tu, utajaza baadaye. Mimi daftari langu la miezi miwili lilimwonyesha daktari kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua: karibu kila kizunguzungu kilikuja siku ya pili baada ya kusahihisha mitihani usiku wa manane. Usiku wa kazi nilikuwa mzima, kwa hiyo sikuwahi kuviunganisha.

Kuhusu dawa. Amitriptilini ni dawa ya zamani, kweli ilianza na sonona, na kwa sonona hutolewa kwa dozi kubwa mara nyingi kuliko 10 mg. Kwa dozi ndogo inatumika miaka mingi kuzuia kipandauso. Daktari hajakuficha kitu. Mimi nilianza na nyingine. Propranololi sikupewa kwa sababu nina pumu, na mwenye pumu hatakiwi kuigusa. Nikapewa topiramati: ganzi na mchonyoto vidoleni, na maneno yakawa yananikimbia. Nasimama mbele ya darasa, nataka kusema "kielezi", neno halipo. Kwa mwalimu wa lugha huo ni msiba. Nikaiacha kwa utaratibu wa daktari, nikahamia amitriptilini, 10, kisha 20, kisha 25. Wiki nne za kwanza sikuona lolote ila mdomo mkavu. Nililia. Wiki ya saba nilipekua daftari nikakuta siku 19 mfululizo hazina alama. Kama si daftari nisingejua.

---

TabibuMizani

Nafanya kazi kliniki ya kizunguzungu na usawa wa mwili, sisomi faili lako, kwa hiyo nayasema ya jumla tu na daktari wako ndiye mwenye neno la mwisho.

Kaka DerevaWaUsiku, ushauri wako ni mzuri kwa ugonjwa ulioupata. Tofauti kubwa iko kwenye muda. Vijiwe vinakuja kwa kugeuza kichwa, vinadumu sekunde, kwa kawaida chini ya dakika moja, na sauti au mwanga havina neno navyo. Dada hapa anasimulia mwanga wa dirisha unaohama kutoka kona ya meza hadi kwenye cherehani. Hizo si sekunde. Ila uko sahihi kwamba kipimo kinaweza kurudiwa, hasa kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Wenye kipandauso hupata vijiwe mara nyingi kuliko wengine.

Vigezo tunavyovitumia kukitambua kipandauso hiki cha mizani viliandikwa mwaka 2012 na Jumuiya ya Bárány pamoja na Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa. (Bárány ndiye aliyefafanua kile kipimo cha maji sikioni ulichofanyiwa, akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.) Vinasema hivi: angalau vipindi vitano vya kizunguzungu cha wastani au kikali, kila kimoja kati ya dakika 5 na saa 72. Cha wastani ni kinachokusumbua kazini lakini unaendelea. Kikali ni kinachokusimamisha. Pili, uwe na historia ya kipandauso, sasa au zamani. Tatu, angalau nusu ya vipindi viambatane na dalili ya kipandauso, nazo ni tatu, yoyote kati yake inatosha: maumivu ya kichwa yenye sura ya kipandauso, au kuudhiwa na mwanga na sauti kwa pamoja, au kuona vimulimuli na mistari ya kumetameta machoni. Mwisho, kusiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Tazama kwamba maumivu ya kichwa ni njia moja tu kati ya tatu. Mtu anaweza kutimiza vigezo vyote na siku ya kizunguzungu kichwa kisimuume kabisa. Akikosa ama historia ama zile dalili, tunasema "huenda ni", na mara nyingi tunamtibu hivyohivyo.

Kwa nini hakuna kipimo? Kwa sababu hakuna kilichovunjika cha kupigwa picha. Kipandauso ni ubongo unaopokea kila kitu kwa ukali kupita kiasi, na hali hiyo inakuja na kuondoka. Neva ya trijemino, inayobeba maumivu ya uso na kichwa, ina miunganiko na vituo vya mizani kwenye shina la ubongo, na matawi yake yanafika hadi kwenye mishipa ya damu ya sikio la ndani. Kikiwashwa kimoja, kingine kinaamka. Ukipimwa siku ya kawaida, kila kitu kinaonekana sawa, kama ulivyoona. Vipimo ulivyofanyiwa vilikuwa vya kuondoa mengine, hasa ugonjwa wa Ménière: huo hudumu kati ya dakika 20 na saa 12, lakini sikio linajaa, linavuma, na usikivu unashuka, hasa kwa sauti nzito, na kushuka huko kunaonekana kwenye kipimo. Wako uko sawa baada ya zaidi ya mwaka mzima, na hilo lina uzito.

Sinarizini ya miezi saba mfululizo ningeomba uizungumze na daktari wako haraka. Dawa za kutuliza mizani zinafaa kwa siku chache za kipindi kikali. Zikimezwa kila siku zinaulaza ubongo usijifunze kujirekebisha, na sinarizini ya muda mrefu inaweza hata kuleta mtetemeko na ukakamavu wa mwili, hasa kwa watu wazima wa umri mkubwa.

Na mimi sitakuficha kuhusu ushahidi wa tiba. Dawa nyingi za kuzuia tumeziazima kutoka kwenye kipandauso cha kichwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2019 ulilinganisha metoprololi na kidonge kisicho na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu na hayakutofautiana, ingawa utafiti ulisimama mapema kwa kukosa washiriki wa kutosha. Mwaka 2024 ukatoka mwingine wa rizatriptani, dawa ya kukata kipandauso kikianza, nayo haikushinda kidonge kisicho na dawa katika kutuliza kizunguzungu. Nayasema haya ili dawa ya kwanza ikishindwa usidhani ugonjwa umekushinda au utambuzi ulikosewa. Tunachagua dawa kwa mwili wa mtu: mwenye pumu hapati propranololi, mwenye tatizo la mapigo ya moyo au presha ya macho hapewi amitriptilini bila kuchunguzwa, anayeweza kushika mimba hapewi valproeti, na topiramati pia ni hatari kwa mimba. Kisha tunaanza chini, tunapanda pole, tunasubiri miezi miwili hadi mitatu tukitazama daftari.

Jambo moja halisubiri daftari. Kizunguzungu kikija na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kabisa kusimama, kusikia kupotea ghafla, au kichwa kikali cha ghafla ambacho hujawahi kukipata, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuanza kwa kizunguzungu.

---

FundiSindano

Shikamoo mwalimu. Nimesoma majibu yako nikiwa nimekaa, na nimemsomea mama kwenye simu.

Nilikuwa na kichwa. Mungu wangu, nilikuwa nacho. Kuanzia darasa la sita hadi nilipozaa mtoto wa pili. Nyumbani tulikiita "kichwa cha kamba" kwa sababu mama alikuwa anakizungushia kitambaa, anakaza fundo upande unaouma, na kuniweka chumba cha nyuma. Mama naye alikuwa nacho, alikuwa anajifunga vilevile. Tulidhani ni hali ya wanawake wa kwetu tu, hakuna aliyewahi kukipa jina la hospitali. Na safarini nilikuwa nakalishwa dirishani na mfuko mkononi kila mara, sikukosa hata safari moja. Daktari wa juzi aliniuliza, nikamjibu "zamani kidogo," nikaona ni swali la kupitisha muda.

Mwanga na sauti: karibu kila mara. Ila kuna kitu kinanitatiza, TabibuMizani. Umesema dakika 5 na kuendelea. Kuna siku changu ni sekunde tu. Nikigeuza kichwa kuchukua uzi, kinapita kama wimbi, kinaisha. Nikigeuka tena, kinarudi. Hivyo hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Hizo zinahesabiwaje?

---

TabibuMizani

Swali zuri sana, na linawakosesha wengi utambuzi. Mtu mmoja kati ya kumi hivi mwenye ugonjwa huu anasimulia sekunde tu, zinazorudi kila akisogeza kichwa au akitazama vitu vinavyotembea. Hapo tunahesabu muda wote ambao mawimbi hayo yamekuwa yakirudi. Asubuhi hadi jioni ni kipindi kimoja cha saa kumi. Andika hivyo: "kimeanza saa tatu asubuhi, mawimbi, kimekwisha saa moja usiku."

---

MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu.

Nenda kamwambie daktari habari ya kichwa cha kamba, kwa maneno hayohayo. Na umwambie hujaanza dawa na kwa nini. Usione haya. Mwulize na namna ya kuiacha sinarizini. Kingine ambacho hujakiuliza: dawa za maumivu unameza? Ukiwa unameza za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe zinazalisha maumivu ya kichwa na kukichochea kipandauso.

Usingizi uwe saa zilezile, hata siku ya mapumziko. Chakula kisichelewe. Maji mezani. Haya yanaonekana madogo, lakini kwangu usingizi ulileta nafuu kama dawa.

---

FundiSindano

Wadau, narudi baada ya wiki 11. Mwalimu aliniambia nisirudi na hisia, nirudi na daftari, basi ndilo hili hapa mbele yangu. Nimelichora mistari kwa chaki ya kukatia.

Nilirudi kwa daktari. Nilipomsimulia kichwa cha kamba aliweka kalamu chini akatabasamu, akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Alinipima moyo kwanza, akanishusha sinarizini kwa wiki mbili hadi ikaisha, na amitriptilini nikaanza 10 mg, wiki ya nne ikawa 20. Mwanzoni nilimeza saa nne usiku, nikaamka kichwa kizito kama nimebeba gunia. Akasema nisogeze hadi saa moja jioni. Asubuhi zikanyooka. Mdomo bado mkavu, chupa ya maji haiondoki karibu na cherehani.

Mwezi wa kwanza: vipindi sita, viwili vya kulala kabisa. Mwezi wa pili: vinne. Wiki hizi tatu za mwisho: viwili, vyote vya mawimbi, sikulala, nilikaa tu nimefumba macho nikaendelea na kazi.

Nimegundua mengine kwenye daftari. Vipindi vitano kati ya kumi na viwili vilikuja siku niliyoshona kuanzia alfajiri bila kula hadi saa saba mchana. Sikuwahi kuona hilo, nilijiona mchapakazi tu. Sasa nakula saa mbili, mashine ikiwa na nguo iliyoko katikati ya mshono naiacha hapohapo.

Mistari bado. Mtaalamu wa mazoezi ya mizani ananifundisha kuizoea: nakaa mbali na kitambaa cha mistari, natazama kidole changu huku mistari ikiwa nyuma yake, nageuza kichwa taratibu, dakika mbili, napumzika. Kila siku chache nasogea karibu kidogo. Jana nilishona upindo wa kitambaa cha mistari kwa dakika kumi na moja, nimeitazama saa ukutani. Dakika ya kumi na mbili chumba kikaanza kutembea nikasimamisha. Mwezi uliopita nilikuwa siwezi hata kukikunjua.

Ninachotaka kuuliza: dawa hii nitaimeza hadi lini?

---

MwalimuMstaafu

Nimefurahi mpaka nimesimama. Mimi daktari aliniweka mwaka mmoja tangu hali ilipotulia, kisha akanipunguza kidogo kidogo kwa miezi miwili. Wengine hupunguziwa baada ya miezi sita. Usiiache kwa ghafla mwenyewe, na usiiache kipindi cha kazi nyingi. Vilinirudia mara mbili baada ya hapo, vyepesi, na safari hizo nilijua ni nini, sikukimbia hospitali usiku nikilia.

Ongeza safu moja kwenye daftari: siku za hedhi. Hujaiandika, nami nilisahau kukwambia.

---

FundiSindano

Nimeirudia kalenda ya jikoni ambako huwa naweka alama, nimeihamishia kwenye daftari sasa hivi. Vile viwili vya wiki hizi: kimoja siku moja kabla ya hedhi, kingine siku yenyewe ilipoanza. Na ile siku ya meza, miezi 14 kabla sijaandika hapa, kalenda ya mwaka ule bado iko ukutani chini ya hii mpya. Nimeifunua. Siku moja kabla. Nampelekea daktari kalenda zote mbili Jumatatu.